Njia Tuliyoinadi Baada ya Ibada

Mimi si injinia. Nimelisema hili taratibu, nimelisema kwa kufoka, nimelisema kanisani na sokoni na misibani, na bado nikipita mtaani kwetu naitwa injinia. Kazi yangu ni kupanga miji. Nachora watu wakae wapi, wapite wapi, duka liwe wapi na shule iwe wapi, ili mtu atoke kwake kwa miguu afike kituo cha basi bila kuogelea kwenye tope wala kurukia mtaroni akikwepa gari. Ndiyo kazi niliyosomea na ndiyo inayonilisha. Sasa, barabara mbaya kuliko zote ninazozijua, ile ambayo nikiiwaza nakunja uso hata nikiwa peke yangu, niliichora mimi, na inapita mlangoni kwa mama yangu.

Nyumbani kwetu ni juu kidogo ya Makumira. Kule hatuna habari ya kaskazini wala kusini. Ukielekea Mlima Meru unapanda, ukielekea lami unashuka, basi. Wazazi wangu walitoka Machame kabla sijazaliwa, wakanunua shamba kwa Mmeru mmoja aliyekuja kuwa kama ndugu, wakapanda migomba na kahawa, na mpakani wakapanda masale. Kwa asiyeyajua, isale ni mmea wa shina jembamba na majani marefu, unasimama wima tu, hauna ua la kusifia wala tunda la kula. Lakini kwa Wachaga, na kwa Wameru vilevile, isale likishapandwa mpakani limepandwa. Mtu anaweza kukuibia kuku, anaweza kukusengenya mwaka mzima, lakini isale lako haling'oi, maana jani hilohilo ndilo atakalolishika mkononi siku akija kukuomba msamaha, na wewe ukiliona huwezi kukataa. Kwa hiyo watu wanaliheshimu.

Katikati ya masale yetu na ya jirani wa ng'ambo palipita njia ya miguu kutoka kanisani hadi kituoni barabarani. Upana wake, wanawake wawili wenye mizigo kichwani waliweza kupishana bila mmoja kugeuka upande. Migomba iliikinga jua, na pale katikati mfereji wa maji ulivuka chini ya mawe mawili mapana ambapo mtu akichoka alikaa. Mama alipita hapo Jumatano na Jumamosi akienda soko la Tengeru, Alhamisi akienda mazoezi ya kwaya, na kila mwisho wa mwezi akishuka kituoni kwenda kliniki ya presha. Ana miaka zaidi ya sabini, na baba alishatangulia. Bodaboda hapandi, alipanda mara moja, akashuka katikati ya safari akamwambia dereva Mungu akubariki, akatembea iliyobaki. Ndugu zangu wote wako mbali, mimi nimepanga mjini karibu na kazini. Njia ile ndiyo iliyomfanya mama awe mtu wa kwenda anakotaka bila kumwomba mtu. Ikifungwa, anabaki mfungwa wa geti lake mwenyewe, na mimi nililijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Basi ukaja urasimishaji. Eneo lote lilikuwa limejengwa bila ramani, na ili watu wapate hati ilibidi lipimwe, zichorwe njia, bikoni za mipaka zichimbiwe. Kamati ya mtaa ikasema, tunaye injinia wetu, ya nini kutafuta mgeni. Nikakubali kwa furaha. Jamani, nilikuwa na furaha! Miaka yote nimewachorea watu wengine, leo nachora kwetu. Nikaweka ile njia kama ilivyo, mita mbili za miguu tupu, na pembeni mfereji uliojengewa. Pale kwenye mawe mawili nikaweka benchi. Magari yangepita barabara ya juu, nyuma ya nyumba, ambayo ipo tangu zamani. Unazunguka kidogo, lakini kila nyumba inafikika. Nilikesha na mchoro ule. Kituo chini, kanisa juu, maduka mawili matatu njiani, na katikati mama yangu anatembea na kikapu.

Kikao kiliitishwa Jumapili baada ya ibada ya pili, kwa sababu siku nyingine huwapati watu. Kwetu Walutheri ibada haiishii kwenye baraka. Mkitoka nje kuna mnada. Aliyekosa sadaka ya fedha ameleta mkungu wa ndizi, mwingine mayai, mwingine kuku amefungwa miguu, vinanadiwa pale uwanjani na fedha inaingia kanisani. Yai moja mtu ananunua kwa bei ya trei, kisha anamrudishia mwenyekiti wa kwaya linadiwe tena. Hakuna anayetaka kuonekana mdogo. Ukitaka kujua jeuri ya watu wapole, njoo mnadani.

Mnadishaji alikuwa mzee mmoja Mmeru, jirani yetu wa nyumba ya tatu, dereva wa malori mstaafu mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Mwanaye ndiye niliyekaa naye dawati moja shule ya msingi. Mzee huyo nilimpenda, na naomba hilo likumbukwe kwa sababu ya haya nitakayoyasema. Mnada ulipokwisha nikatandaza mchoro wangu kwenye meza ileile, pembe nne nikazishikiza kwa maparachichi manne yaliyokosa mnunuzi. Nikaeleza. Watu wakatikisa vichwa vizuri tu. Kisha mzee akasogea, akainama, akafuata njia yangu kwa kidole toka kituoni hadi kwake.

"Injinia," akasema, "gari la maiti litapita wapi?"

Kama hujawahi kukaa kwenye vikao vya kupanga mitaa hujui uzito wa swali hilo. Mimi nimekaa, mtaa wa Kwa Mrombo na kwingineko, na nakuambia hakuna hoja inayolishinda. Unaweza kuzungumzia watoto wa shule, wajawazito, wazee, maji ya mvua, taa. Akisimama mtu mmoja akauliza gari la maiti litapita wapi, kikao kimekwisha. Watu ambao hawajawahi kumiliki hata baiskeli watadai barabara ya kupishana malori, kwa ajili ya safari moja ambayo hata dirishani hawatachungulia.

"Litapita barabara ya juu, baba," nikajibu.

"Yaani mimi niingie kwangu kwa mlango wa nyuma? Kama gunia la pumba?"

Watu wakacheka, na mimi hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na nina hakika kwamba nina haki. Nikasema, "Baba, kufa utakufa mara moja tu. Kituoni unakwenda kila siku."

Loo! Uwanja ulitulia hadi nikamsikia kuku. Nimemwambia mzee utakufa, hadharani, siku ya Bwana, mbele ya mke wake. Mama yangu akajifunika uso kwa kanga. Nikaomba radhi palepale, nikapiga na magoti, mzee akaniinua akicheka, akasema mtoto huyu ana mdomo wa baba yake. Alinisamehe kweli. Lakini hoja yangu ilikuwa imekufa kabla ya mtu yeyote, na mzee akapanda juu ya kiti chake cha mnada.

"Mita mbili za injinia, mara ya kwanza!" akanguruma. "Nani anaongeza?"

Nilidhani ni utani. Mwenye duka la kona akainua mkono, akasema anatoa nusu mita ya shamba lake barabara ipanuke. Vigelegele. Mwalimu mstaafu akasema yeye mita nzima, hawezi kushindwa na muuza sukari. Kwaya ikaanzisha pambio. Mwingine mita na robo, mwingine na nusu, watu wanapiga makofi, mzee anatoa jasho, mimi nimesimama na parachichi mkononi. Nani amewahi kuona barabara ikinadiwa? Hakuna kitabu kilichoniandaa kwa jambo hilo. Nilitaka kupiga kelele kwamba upana wa njia haupangwi hivyo, kwamba kuna vipimo, kuna taratibu, lakini kila nikifungua mdomo inakuja "Amina!"

Kisha nikasikia sauti ninayoijua.

"Mita mbili!" Mama yangu. Amesimama, kidevu juu. "Na masale nayahamisha mwenyewe."

Nikamfikia, nikamnong'oneza, "Mama, hiyo ni njia yako. Unaiua."

"Nyamaza," akasema bila kunitazama. "Watu wanatuangalia. Unataka waseme wageni wa Machame ni wachoyo?"

Miaka yote ile, bado anajiita mgeni. Na kwa kuwa mama ametoa mita mbili, hakuna aliyekubali kuandikwa chini ya mita mbili. Upande wa kwetu mbili, ng'ambo mbili, na zile mbili za katikati. Mita sita, kutoka kanisani hadi kwenye lami. Mzee akapiga meza kwa kiganja, "Imeuzwa!", na tukafunga kwa sala.

Ningeweza kukataa kuichora. Watu wakiniuliza huwa nasema kikao kiliamua, na ni kweli, lakini ni kweli ya kujifichia. Nilichora mita sita kwa sababu sikuweza kumpinga mama mbele ya kanisa zima. Tena nisijifanye mwema, mwaka ule nilikuwa nimenunua kigari changu cha kwanza, cha kukwaruzika, nikachoka kukizungusha barabara ya juu. Siku greda lilipomaliza kusawazisha, gari la kwanza kupita pale lilikuwa langu. Nilipiga honi getini. Mama akatoka akipiga vigelegele.

Masale aliyahamisha kwa mikono yake asubuhi moja, moja baada ya jingine, akiyasemesha kwa Kichaga kwa sauti ya chini kana kwamba anawaamsha watoto. Nilitaka kumsaidia akanikatalia.

Kilichofuata kingemshangaza nani? Mimi? Mimi nilisomea! Ukifungua njia pana inayokata kutoka lami hadi juu bila tuta, unajua kabisa nani atakuja. Yalikuja matipa ya mchanga na moramu yaliyokuwa yakizunguka mbali. Walikuja bodaboda wanaokimbilia abiria wa kanisani na wanafunzi wa chuo. Walikuja watu wa mjini wakinunua viwanja huko juu, na swali lao la kwanza likiwa gari inafika? Inafika, bosi, tena mita sita. Migomba ya pembeni ikakatwa kwa sababu inakwaruza vioo. Mawe yetu mawili yakafukiwa. Kiangazi vumbi, unaanua kanga kwenye kamba ina rangi ya chai. Masika matope, na magari yakikwepa dimbwi yanakuja kule ulikosimama wewe. Mtembea kwa miguu akawa mtu wa kuomba radhi. Gari likija anapanda tuta la mtaro, anashika ua wa mtu, anageuza uso, linapita, anashuka, linakuja jingine.

Katika siku hizohizo nilialikwa kwenye semina mjini, hoteli moja upande wa Themi. Mada ilikuwa mitaa inayotembeleka kwa miguu karibu na usafiri wa umma. Nilitoa mada mimi. Nilionyesha picha nzuri, nikapigiwa makofi. Wakati wa chai tukatoka nje na hakuna aliyeweza kuondoka, kwa sababu wote tulikuja na magari na tumefungiana. Nilisimama na sambusa yangu nikiangalia wataalamu wakitafutana kwa simu nani mwenye gari jeupe, na nikamkumbuka mama. Nilikosa raha siku nzima.

Wiki ileile akaanguka. Alikuwa anashuka kwenda Tengeru, likaja gari nyuma, akapanda tuta la mtaro kama kawaida, kioo cha pembeni kikamgusa kikapu tu, kikapu tu, akaenda nacho mtaroni. Hakuvunjika. Majirani walimtoa, mayai yote yamemwagika kwenye gauni. Mwenye gari hakusimama, na nadhani hata hakujua. Jioni nilipofika nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya geti, goti limevimba, na ameshaamua.

"Sitembei tena ile barabara," akasema. "Nitakuwa nakungoja wewe unipeleke."

Na akafanya hivyo. Mwanamke aliyevuka Machame na Meru kwa miguu yake akaanza kumngoja mtoto mwenye foleni za Arusha. Jumatano za soko zikaisha, mimi niko kazini. Kwaya ikaisha. Jumamosi nilikuwa nafika saa nne, saa tano, namkuta ndani ya geti, amevaa, pochi mapajani, amekaa hivyo tangu saa moja. Hakuwa ananigombeza. Alikuwa anasema neno moja tu, "Umechelewa." Kliniki, daktari binti mdogo akamkunja goti, mama akauma meno. Daktari akasema, "Bibi, usipotembea kila siku hili goti litagoma moja kwa moja. Dawa yangu haina nguvu kuliko miguu yako." Kisha akaniangalia mimi.

Siku moja nikamlipukia, najua si vizuri. Tulikuwa tumekwama nyuma ya tipa, njia imejaa, honi mbele na nyuma. Nikasema, "Si ulitaka gari, mama? Mita mbili ulizitoa wewe! Haya sasa, magari hayo hapo, chagua unalotaka!"

Akasema, "Mimi nililitaka gari la siku moja." Nikaona aibu hadi masikioni.

Kisha mzee wetu mnadishaji akaugua, akalazwa, akafariki. Tulilia kweli. Mtaa bila sauti yake ulipwaya. Siku ya mazishi watu walitoka kila kona, madereva wenzake wa zamani, ukoo, kanisa, na kila mmoja kaja na gari. Wakapaki huku na huku, kuanzia kwenye lami hadi getini kwake. Langu nilikosa pa kuliweka getini, nikaliacha chini, nyumba ya pili kutoka kwenye lami. Kinamama wa kanisa, kwa desturi, wanashuka barabarani kuupokea mwili. Nilimwambia mama abaki, nitampa mtu wa kukaa naye. Akanitazama kama nimetukana. Akavaa kitenge cha sare, akafungua geti, akasimama anasikiliza.

Hakukuwa na honi. Barabara yote ilikuwa magari, lakini yamesimama, yamefungana, na katikati umebaki mpenyo wa upana wa watu wawili. Akaingia kwenye mpenyo ule akaanza kushuka. Nilimshika mkono, hatua kama ishirini hivi akautoa. Goti halikuwa jema, alikuwa anachechemea, lakini alikuwa anashuka. Watu wanamsalimia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, siku nyingi, ndiyo, siku nyingi. Alifika hadi kwenye lami bila kukaa.

Gari la maiti lilikuja saa saba. Liliingia, likaenda kama nyumba mbili, likasimama. Haliwezi. Kushoto kulikuwa na Noah ya mtu wa juu, kulia kigari changu. Dereva akakunja vioo, akajaribu, wapi. Wakaitwa wenye magari, lakini nani atoke aende wapi, nyuma kumeziba, mbele kumeziba. Nilisimama na ufunguo mkononi nikitamani ardhi inimeze. Ile barabara tuliyoinadi kwa ajili ya safari hii, mzee aliyoidai kwa sauti yake mwenyewe, siku yake imefika, na aliyemzibia ni mimi.

Mwanaye, yule wa dawati moja, ndiye aliyesema, "Basi jamani. Tumbebe." Wanaume wakalipokea jeneza mabegani, wakapita nalo kwenye ule mpenyo wakibadilishana, na kwaya ikaanza nyuma yao. Alipanda hadi kwake akiwa juu ya mabega ya watu aliowauzia ndizi na mayai, na akaingia kwa mlango wa mbele. Mama alikuwa nyuma ya jeneza, anaimba alto yake, anatembea. Nililia sana, na sikuwa namlilia mzee peke yake.

Tulipofika mbele ya geti letu akanivuta kanga. "Umeona?" akasema. "Kumbe mpaka mtu afe ndiyo na sisi tutembee." Akaendelea kuimba.

Wiki iliyofuata nilikwenda Jumamosi, nimechelewa kama kawaida, nikakuta kiti cha plastiki kitupu. Nikashtuka. Nikamwona mama yuko barabarani, ameinama, ana panga na lundo la vipande vya masale. Ameacha hatua mbili kutoka ua wetu, na anapanda mstari mpya ndani ya barabara. Ndani ya barabara!

"Mama! Unafanya nini? Hiyo ni barabara halali. Ramani ina muhuri!"

"Nani aliichora?"

"Mimi."

"Basi nishikie hili, lisimame wima."

Nikamweleza taratibu zote. Kuna maombi, kuna kikao, kuna marekebisho ya ramani, na siwezi, mimi na cheti changu, kushika isale katikati ya barabara ya umma. Nilikuwa nasema hayo nimechuchumaa, nimeshika isale. Tulipanda mbele ya shamba letu lote. Jioni mjane wa mzee akaja na panga lake, akaanzia pale tulipoishia. Jumatatu mwalimu mstaafu akapanda ya kwake, maana hawezi kushindwa na wajane. Ilikuwa ni mnada uleule, ila sasa unarudi nyuma. Ndani ya wiki mbili mstari ulikuwa umefika karibu na kituo, na magari yakabakiwa na nafasi ya kupita moja moja, taratibu, moja likisubiri jingine. Maombi ya kurekebisha ramani nimeyapeleka mwenyewe. Ninayafuatilia, na majibu ninayopewa ni njoo wiki ijayo.

Mwenye Noah alikuja juu kwelikweli. Alisimama mbele ya mama, watu wamejaa. Akalitazama isale, nikaona mkono unamwasha, lakini hakuligusa, naye ni Mmeru. Akasema, "Mama, shikamoo. Haya, niambie. Siku yako ikifika, gari la maiti likikutana na gari lingine hapa itakuwaje?"

"Marahaba, baba," mama akajibu. Alijifuta mikono yake ya udongo kwenye kanga. "Mimi mtanibeba. Nina uzito gani?"

Hakuna aliyecheka. Yule bwana aliangalia chini, akarudi kwenye gari lake, akasubiri zamu yake ya kupita.

Jumatano moja baada ya hapo nilichukua ruhusa kazini ili nimpeleke Tengeru. Nilifika mapema, safari hii nilihakikisha. Nikakuta kiti kitupu, nikadhani ameshatangulia, nikashuka kumfuata, mara nikakwama, tipa linapanda mbele yangu na hakuna pa kulipisha. Nikaegemea usukani, nimekasirika, nasema peke yangu. Upande wa kushoto, nyuma ya masale, nikaona kilemba kinapita. Mama, na kikapu. Aliponifikia akanyoosha mkono kati ya majani, akagonga bodi ya gari mara mbili kama konda, akaenda zake bila kugeuka.

Nilirudisha gari nyuma hadi getini, nikafunga, nikamfuata kwa miguu nikikimbia. Nilimkuta kituoni amekaa, kikapu mapajani, pumzi haijampanda hata kidogo. Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Umechelewa," akasema.